Kuoza kwa Okidi Wakati wa Mvua: Adui ni Maji Yanayotuama



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona habari za maua katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na mishahara, mikataba na ajali za kazini. Lakini okidi si pambo la matajiri peke yao. Mfanyakazi wa Carama mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba aweza kupanga vyungu ishirini vya okidi mahali ambapo hawezi kupanda hata tuta moja la mihogo. Ua lake hukaa wiki nyingi bila kunyauka, na watu wenye arusi na sherehe hulinunua.

Tena kuna okidi moja ambayo wakulima na vibarua wa Uganda, wa Kongo ya mashariki na wa Kagera huitegemea kwa chakula na karo za watoto. Okidi hiyo ni vanila. Wengi wanaoichuma hawajaambiwa kwamba vanila ni ndugu wa maua yale ya vyunguni, na kwamba ugonjwa unaoiua ni wa ukoo mmoja na ule unaoyaua maua hayo: kuoza.

Kila mwaka mvua zinapoanza, mwenye okidi huona majani ya chini yakigeuka njano, kisha shina likilainika, kisha mmea mzima ukianguka. Jambo la kwanza analofanya ni kukimbilia dukani kununua dawa. Sisi twasema hapo ndipo fedha zinapopotea, na afya pia. Okidi haiozi kwa sababu ya mvua. Inaoza kwa sababu ya maji yaliyokosa njia ya kutoka na hewa iliyokosa njia ya kupita. Mambo hayo mawili hurekebishwa kwa mikono. Dawa huja mwisho kabisa, na bei yake hailipwi dukani tu, bali pia na mwili wa yule anayeipuliza.

MMEA ULIOZOEA UPEPO

Okidi nyingi za vyunguni hazikuzaliwa ardhini. Katika misitu ya Asia, Amerika na Afrika zinaishi juu ya matawi ya miti. Haziunyonyi mti, zimeushika tu, na mizizi yake inaning'inia hewani. Mvua ikinyesha, mizizi hulowa. Mvua ikikoma, upepo huikausha kwa muda mfupi. Maisha ya mmea huu ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka.

Mzizi wa okidi umevikwa ngozi nene iliyo kama sponji. Ngozi hiyo hunywa maji haraka na kuyahifadhi. Ukiwa mkavu, mzizi huwa na rangi ya fedha. Ukilowa, hugeuka kijani. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza kwa vidole. Mzizi uliooza ni wa kahawia, laini, na ukiuvuta ngozi inatoka yote na kubaki uzi mwembamba katikati.

Sasa fikirini mtu anauchukua mmea huo, anauzika katika udongo mzito wa bustani, ndani ya ndoo isiyo na matundu, kisha anamwagilia kila jioni. Mizizi inakosa hewa, inakufa, na kitu kilichokufa katika maji ndicho chakula cha kwanza cha ukungu. Mwenye mmea huona majani yamelegea, hudhani ni kiu, huongeza maji. Hivyo huumaliza kwa huruma.

Hata hivyo, tusiuchukie ukungu wote. Mwaka 1899 Mfaransa mmoja aitwaye Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi, iliyo ndogo kama vumbi na isiyo na akiba ya chakula, huota kwa msaada wa aina fulani za ukungu zinazoilisha. Bila ukungu, misituni kusingekuwa na okidi hata moja. Kazi yetu basi si kuangamiza kila ukungu, jambo ambalo hakuna awezaye. Kazi yetu ni kuunyima ukungu mbaya mahali pa kukaa.

KUUTAMBUA UGONJWA

Si kila uozo ni mmoja, na dawa ya huu haiponyi ule. Wafanyakazi wa mashambani wana faida hapa, maana magonjwa mengi ya okidi ni ndugu wa magonjwa ya mazao wanayoyajua.

Wa kwanza ni uozo mweusi. Huanza kama doa la kahawia iliyoiva au la zambarau penye chipukizi au chini ya jani, na kwa siku chache hupanda mpaka katikati ya mmea, ukaacha weusi nyuma yake. Unaletwa na viumbe ambao wataalamu huwaita Phytophthora na Pythium. Viumbe hawa huogelea katika maji. Ndugu zao ndio wanaoleta mildiu ya viazi na nyanya, na ule ugonjwa unaoyafanya maganda ya kakao yawe meusi huko Bundibugyo na Beni. Anayejua jinsi mildiu inavyoweza kulimaliza shamba la viazi katika wiki moja ya mvua hana haja ya maelezo zaidi.

Wa pili ni uozo wa maji. Jani hulainika, huwa kama limechemshwa, na hutoa harufu mbaya. Huo hauletwi na ukungu, bali na bakteria. Kuupulizia dawa ya ukungu ni kuchoma fedha.

Wa tatu ni mnyauko fuzari. Huu huingia kwa mizizi au kwa kidonda cha kisu, huziba njia za maji ndani ya mmea, na majani hunyauka polepole kwa miezi. Ukilikata shina la okidi za aina fulani utaona duara la zambarau ndani yake. Ndugu wa ukungu huo waliua migomba katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati katika karne iliyopita, na ndugu mwingine aliikausha mibuni ya robusta katika Kongo na Uganda.

Wa nne ni ukungu mweupe wa chini ya shina. Nyuzi nyeupe huonekana juu ya udongo, na kati yake vijipunje vya mviringo vya rangi ya kahawia, mithili ya mbegu za haradali. Vijipunje hivyo hukaa hai udongoni kwa miaka, vikingojea joto na unyevu.

Wa tano ni chule. Ncha za majani hukauka na kuwa nyeusi zenye mistari ya duara. Wakulima wa kahawa wanamjua ndugu yake, chule buni, aliyeonekana kwanza Kenya mwaka 1922. Chule haiui haraka kama uozo mweusi, lakini ni ishara kwamba hewa haipiti vizuri.

MVUA ZA CARAMA

Carama iko katika tambarare ya Imbo, karibu na Ziwa Tanganyika, mita chini ya 900 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura hupata mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka. Hiyo si nyingi ikilinganishwa na milima ya Kibira. Tabu iko katika mpango wake: karibu mvua yote huanguka kati ya Septemba au Oktoba na Mei, pengine kwa kishindo cha saa moja inayojaza mitaro yote, na usiku huwa wa joto. Ukungu hauhitaji zaidi ya hayo. Vijimbegu vyake vikiangukia jani kavu, hufa au hulala. Vikiangukia jani ambalo litabaki na maji kwa saa kadhaa, huota na kuingia ndani. Kwa hiyo swali la mwenye okidi si mvua imenyesha kiasi gani, bali je, jani limekauka kabla ya usiku?

Juni, Julai na Agosti ni wakati wa ukavu. Wengi husahau maua yao miezi hiyo kwa sababu hayaozi. Hapo ndipo kazi yapasa kufanywa. Mwenye kubadili vyungu, kuvisafisha na kujenga kipaa wakati wa kiangazi hatakuwa na haraka wakati wa mvua.

KAZI ZA MIKONO

Kwanza, paa. Okidi ipate mwanga, lakini isipigwe na mvua moja kwa moja. Karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyotandazwa juu ya miti minne na kuinamishwa upande mmoja, yatosha. Pande zote ziachwe wazi ili upepo upite. Kibanda kilichofungwa pande zote kwa plastiki ni nyumba ya ukungu, si ya maua.

Pili, kuinua. Tone la mvua likipiga ardhi hurusha matope, na ndani ya matope mna vijimbegu vya uozo. Vyungu viwekwe juu ya meza ya fito au ya wavu wa chuma, yenye nafasi za kupitisha maji na hewa, isipungue urefu wa mita moja kutoka chini. Tusipange chungu juu ya chungu, maana maji ya mgonjwa wa juu humwangukia mzima wa chini.

Tatu, nafasi. Majani ya mmea mmoja yasiguse ya jirani. Mwenye mahali pa vyungu ishirini asiweke arobaini. Atavuna kumi.

Nne, chungu na vya kujazia. Chungu cha udongo chenye matundu mengi ni bora, lakini kopo la plastiki lafaa pia, mradi litobolewe chini na ubavuni. Ndani tusitie udongo wa bustani. Tutie vipande vya makaa, vya matofali ya kuchoma, vya magome ya msonobari, au kokoto nyepesi za volkeno kama zile zinazopatikana kwa wingi Goma. Vipande viwe vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Vumbi lote lichekechwe na kutupwa, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba matundu. Magome huoza yenyewe baada ya miaka miwili hivi. Yakigeuka kama samadi, lazima yabadilishwe, hata kama mmea unaonekana mzima.

Tano, kumwagilia. Tumwagilie asubuhi, kamwe si jioni. Tuweke maji penye mizizi, tusioshe majani. Kwa okidi zisizo na shina refu, ambazo majani yake yanakutana katikati kama kikombe, maji yakituama humo kiini chote huoza. Tuuinamishe mmea kidogo ubavuni ili maji yatoke, kama yanavyotoka porini unapoota kwenye ubavu wa mti. Kabla ya kumwagilia, inua chungu. Kikiwa kizito, bado kina maji, kiache. Au choma kijiti kikavu mpaka katikati na ukitoe: kikitoka kimelowa, ngoja kesho.

Sita, mbolea. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi hutoa majani makubwa laini, na jani laini ndilo linaloliwa kwanza na uozo. Wakati wa mvua nusu ya kipimo kilichoandikwa yatosha, au hata chini ya hapo.

KISU NI MSHITAKIWA

Mkulima yeyote wa migomba wa Burundi amesikia habari za mnyauko bakteria, ugonjwa uliotangazwa Uganda mwaka 2001 na kufika hapa kwetu baadaye. Alifundishwa kwamba panga likikata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, limeupeleka ugonjwa. Alifundishwa kulipitisha panga kwenye moto au kulitia katika maji ya javeli, ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania huiita jiki. Kwa okidi sheria ni ile ile, tena kali zaidi, maana mimea iko karibu karibu.

Kabla ya kukata, pitisha kisu au mkasi kwenye moto mpaka upate joto kabisa, uache upoe. Fanya hivyo kwa kila mmea, wala si mara moja kwa siku. Vyungu vya zamani vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kisha vilowekwe katika kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe tisa vya maji, kwa dakika kumi, ndipo visuuzwe na kuanikwa juani. Javeli isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa sababu aweza mtu kuvuta mvuke wenye sumu.

Mmea mpya usiingie moja kwa moja kati ya ule wa zamani. Ukae peke yake wiki tatu. Na ununuliwe kwa mwenye kitalu, usichukuliwe msituni. Okidi ya msitu mara nyingi huja na vidonda vya kung'olewa, na vidonda hivyo huoza kabla haujazoea chungu. Tena kuna sheria. Kibira ni hifadhi ya taifa, na okidi zote za porini duniani zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, unaoitwa CITES, uliotiwa sahihi mwaka 1973. Kuivusha mpaka okidi bila kibali ni kosa.

MMEA UKISHAUGUA

Ukiona doa laini, usingoje Jumapili. Uondoe mmea siku hiyo hiyo na uuweke mbali na mingine, upande ambao maji yake hayatatiririkia wazima. Utoe chunguni, utupe vya kujazia vyote. Kata kila mzizi laini. Kata jani lililoguswa, na uingie katika nyama nzima kwa upana wa vidole viwili, kwa kuwa ugonjwa unatangulia kuliko doa linavyoonyesha. Kisu kiguse moto baada ya kila mkato.

Kidonda kipakwe unga wa mdalasini mkavu. Wafugaji wengi wa okidi huutumia, kwa kuwa hukausha kidonda na kuupinga ukungu. Lakini usipake mizizi mizima, kwa sababu utaikausha nayo. Acha mmea bila maji siku mbili tatu mahali penye kivuli na upepo, ndipo uupande tena katika vya kujazia vipya.

Kama uozo mweusi au ule wa maji umefika katika kiini, usijidanganye. Choma mmea wote au uufukie mbali, wala usiutupe kwenye lundo la mbolea. Kupoteza chungu kimoja kunauma, lakini kupoteza kitalu kizima kwa kukionea huruma chungu kimoja kunauma zaidi.

SOMO LA VANILA

Tulisema vanila ni okidi. Historia yake yamhusu kila mfanyakazi. Asili yake ni Mexico, na ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilitambaa vizuri lakini haikuzaa, kwa kuwa huko hakukuwa na wadudu wa kulichavusha ua lake. Aliyefungua mlango huo hakuwa profesa. Alikuwa mtumwa wa umri wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, ambaye mwaka 1841 alionyesha jinsi ya kuinua kwa kijiti kile kiwambo kidogo ndani ya ua na kulichavusha kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumiwa hata leo, kutoka Madagaska mpaka Mukono. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848. Biashara ya vanila ikatajirisha wengi. Albius akafa maskini mwaka 1880.

Vanila hufa kwa kuoza mizizi na shina, na muuaji mkubwa ni ule ukungu wa mnyauko fuzari, wa aina inayoipenda vanila peke yake. Huanzia kwenye mizizi ya juu juu, iliyo katika matandazo. Shamba likishaingiwa, ukungu hubaki udongoni kwa miaka. Kisiwa cha Puerto Rico kilikuwa na kilimo cha vanila, na katika karne ya 20 uozo huu ulikuwa sababu kubwa ya kuporomoka kwake.

Kinga yake ni ile ile tuliyoieleza kwa vyungu, ikapanuliwa kuwa shamba. Mitaro ichimbwe ili maji yasisimame. Matandazo yawe ya kutosha lakini mepesi, yasirundikwe kushika shina. Kivuli kipunguzwe kabla ya mvua ili upepo upite. Rando la kupanda likatwe kwenye mmea mzima, lining'inizwe kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, na linapopandwa ile ncha iliyokatwa ibaki juu ya ardhi, isifukiwe.

Liko jambo jingine, ambalo vibarua wanapaswa kulijua kuliko wote. Mmea wa vanila ukichavushwa maua mengi kupita kiasi huchoka, na mmea uliochoka ndio unaoshikwa na uozo kwanza. Inashauriwa kuchavusha maua 8 mpaka 10 katika kila shada, mengine yaachwe. Lakini bei inapopanda, nani anaacha ua? Mwaka 2018 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 500 katika soko la dunia. Nyakati kama hizo kila ua huchavushwa, na kila rando huuzwa, hata la mmea mgonjwa. Kisha bei ikaanguka. Waliobaki na shamba lililochoka na udongo wenye ugonjwa ni wakulima na vibarua, si wale wa soko. Yule anayemlazimisha mtu au mmea kutoa kuliko nguvu zake hupata faida ya msimu mmoja tu.

DAWA NA MWILI WA ANAYEPULIZA

Hatusemi dawa zote ni bure. Katika kitalu kikubwa au shamba, dawa ya ukungu ikipulizwa kwa wakati wake huzuia ugonjwa usienee. Lakini yatupasa kujua mambo matatu.

La kwanza: dawa nyingi hulinda jani zima tu, hazifufui lililooza. Kuupulizia mmea ambao maji yametuama mizizini ni kumpaka mafuta mtu anayezama.

La pili: dawa za shaba, kama ule mchanganyiko wa Bordeaux uliobuniwa Ufaransa miaka ya 1880 kwa ajili ya mizabibu, huweza kuunguza maua ya okidi na chipukizi changa, hasa za jamii ya Dendrobium. Zijaribiwe kwenye jani moja kwanza, na zisitumiwe mmea ukiwa katika maua.

La tatu, na ndilo kubwa: dawa hizi zinaingia mwilini. Mfano ni mankozebu, unga wa njano ambao wakulima wa nyanya na viazi wa nchi zetu wameuzoea kwa miaka mingi, na ambao hutumiwa pia kwa maua. Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoipa tena kibali, kwa sababu imeonekana kwamba yaweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni, na kuvuruga homoni za mwili. Kama mwili wa mfanyakazi wa Ulaya umeonekana unastahili kulindwa hivyo, wa mfanyakazi wa Imbo au wa Naivasha si wa udongo mwingine.

Kwa hiyo mtu asikubali kushika bomba bila kusomewa kibandiko cha dawa kwa lugha anayoielewa. Glavu za mpira, buti, ovaroli ya mikono mirefu na barakoa inayofaa vitolewe na mwenye kazi, wala visikatwe katika mshahara. Asipulize dhidi ya upepo, asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, na asirudi nyumbani na nguo zile zile kwa watoto. Wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha wasichanganye wala kupuliza. Hakuna anayeingia penye maua yaliyopulizwa mpaka saa zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite. Makopo matupu yatobolewe. Yasiwe ndoo za maji ya kunywa.

Haya si maombi ya hisani. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza haki ya mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijatia sahihi mikataba yake. Na Mkataba nambari 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama katika kilimo, unasema mfanyakazi wa shambani ana haki ya kujiondoa penye hatari kubwa inayomkabili kazini, wala asiadhibiwe kwa hilo. Wawakilishi wa wafanyakazi wazisome nambari hizo kwa sauti katika mikutano.

Tena wakae na msimamizi wamweleze hesabu iliyo rahisi. Siku mbili za vibarua kuchimba mitaro, kupunguza kivuli na kuinua meza huokoa mizunguko mingi ya dawa. Mwenye shamba atatumia fedha kidogo, mimea itapona, na hakuna atakayekohoa usiku kucha.

Wenye vitalu vidogo wa Carama waanze mapema, mvua zikiwa bado mbali. Julai, badilini vya kujazia na oshea vyungu. Agosti, rekebisheni paa na meza, na mkague mizizi ya kila mmea. Septemba, kabla ya ngurumo ya kwanza, watu watatu au wanne wa barabara moja watembeleane, kila mmoja akague kitalu cha mwenzake, maana jicho la jirani huona doa ambalo mwenyewe amekwisha kulizoea. Na kila mmoja aende na kisu chake na kiberiti.